Magoti ya Mama Kule Karadut

Milembe alikataa kuvaa miwani ya kampuni ya utalii tangu basi lilipotoka hotelini, na Wande, mdogo wake, alimbembeleza njia nzima. Njia yenyewe ilikuwa ndefu na haina cha kutazama. Upande ule wa Uturuki kilima kimoja kikiishia kwenye mizeituni, kinachofuata kinaanza na mizeituni.

"Dada, bila miwani utaona nini kule? Mawe matupu."

"Si wametuambia tunakwenda kuona magofu? Gofu ni mawe matupu. Likiwa na paa na watu ndani, hiyo ni nyumba."

"Siku hizi gofu liko ndani ya miwani."

"Basi wangetuletea miwani Mwanza, nikaangalia nimekaa sebuleni na chai yangu."

Abiria wawili wa mbele waligeuka. Milembe alikuwa amefundisha kemia shule ya wavulana kwa muda mrefu na kunong'ona alishakusahau. Wande alipika keki za harusi, kazi ya kubembeleza mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi kwa wakati mmoja, na kwa kawaida yeye ndiye aliyeshinda. Likizo hii yote ilikuwa kazi yake. Alichagua nchi, akachagua hoteli, na leo, wakati wenzao wote wamekwenda kuogelea, akachagua hekalu la Karadut.

Milembe alishangaa kidogo. Wande wa kuacha bahari kwa ajili ya mawe hakumfahamu. Lakini alikuwa likizoni, hakutaka kuhoji kama mwalimu.

*

Hekalu lilikuwa juu ya mlima mdogo wenye upepo. Kwa macho matupu, Milembe aliona nguzo chache zimesimama kwa ukaidi, na nyingine nyingi zimelala nyasini vipande vipande, kama mihogo iliyokatwa tayari kuingia sufuriani. Mbuzi alikuwa akila kitu kwenye ngazi. Alipapenda palepale.

"Wageni waheshimiwa, tafadhalini vaeni miwani kabla ya kuvuka kamba." Msemaji alikuwa msichana wa kampuni, jina lake Aysel limeandikwa kifuani. Alisema Kituruki, na kifaa cha sikioni cha kutafsiri kikamgeuza awe mtangazaji wa taarifa ya habari ya enzi za babu zao. "Mwenye macho matupu haruhusiwi kuingia ndani. Ni kwa usalama wake."

"Usalama wa nini? Mbuzi yumo ndani, hana miwani."

"Mbuzi si mgeni, mama."

Milembe akacheka, akashindwa, akavaa.

Mlima ukajaa. Nguzo zilizolala zikainuka, zikapakwa nyekundu na buluu. Paa likaja juu, kubwa, la mbao na vigae, na kivuli chake kikaanguka usoni mwake kiasi kwamba alihisi ubaridi ambao haukuwepo. Mwisho wa ukumbi aliketi mungu wa kike wa jiwe, mrefu kupita mnazi, ana macho ya dhahabu. Mbuzi alitoweka.

Kazi hii iliitwa ukamilisho. Mashine ilipima mkato wa jiwe lililobaki, ikakisia lililopotea, ikalijaza. Wataalamu walikuwa wamebishana miaka na miaka kama hekalu la Karadut liliwahi kuezekwa au wajenzi waliliacha hivyo hivyo, wenyewe wameamua, wakaenda zao. Mashine haikubishana. Iliona pengo juu ya kuta, ikaweka paa.

Kilichosumbua mwanzoni ni watu. Hekalu zima lisilo na watu liliwachosha wageni haraka, na watu wa kubuni waliwachosha haraka zaidi. Walitembea vizuri, walicheka vizuri, lakini hakuna aliyetaka kuwatazama mara ya pili. Ndipo kampuni ikaanza kutumia marehemu. Familia zilizoridhia zilitoa picha na video za mtu wao, mashine ikamsoma anavyotembea, anavyokohoa, anavyoita wanawe, ikamvika joho, ikampanga kwenye safu ya waumini. Hao sasa, wageni waliwatazama. Wengine walilia bila kujua wanamlilia nani.

Sasa waumini walikuwa wakiingia kutoka mlango wa mashariki, wanawake mbele, wamebeba mitungi na masuke ya ngano. Wande akaushika mkono wa dada yake.

"Dada, nakuomba usipige kelele. Safu ya pili. Kulia kwa yule mwenye mtungi."

Milembe akatazama.

Alikuwa Mama. Amevaa joho jeupe la watu wa kale, kichwani amewekewa taji la majani ambalo angelifanya kuni, lakini alikuwa Mama yao, Mbuke, aliyezikwa Misungwi mwaka juzi. Aliegemea upande wa kulia kwa ajili ya ile nyonga yake. Alikuna sikio kwa kidole kidogo. Kabla ya hasira, kabla ya swali lolote, Milembe alifurahi, na furaha ile ilikuwa kubwa mno hata ikamtia hofu.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Mama akageuza shingo. "Marahaba, Mile. Umekula?"

Hakuna mwingine duniani aliyemwita Mile. Na hakuna siku Mama alimsalimia mtu bila kumuuliza kama amekula. Milembe akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya wageni, na Wande akamkumbatia huku naye analia na kucheka.

"Nilijua utafurahi! Nilijua! Walinipigia simu mwezi jana, wakasema Mama amepangiwa Karadut, leo ni siku ya kutambulishwa kwa familia. Nikasema nikikwambia mapema utakataa kuja."

Ngoma ikalia ndani ya ukumbi, mara moja, nzito. Waumini wote wakaweka chini walivyobeba.

Wakapiga magoti.

Mama naye akapiga magoti.

*

Ili kuelewa kwa nini Milembe aliivua miwani ile na kutaka kuirusha, yafaa kuwajua wanawake wa kwao. Usukumani mwanamke humsalimia mkubwa akiwa amepiga magoti. Bibi harusi hupiga, mkwe hupiga, binti aliyerudi kutoka chuo kikuu na shahada zake hupiga, na wengi hupiga kwa mapenzi mema kabisa. Mbuke hakupiga. Hakumpigia mkwe, hakumpigia mwenyekiti, na hata kanisani alisali wima mpaka padri akazoea na kuacha kumtazama. Wanawe wawili aliwalea hivyo hivyo. Ukoo ulisema sana, halafu ukachoka.

"Mama hajawahi kupiga magoti," Milembe alisema. Walikuwa wamerudi nyuma ya kamba na Aysel alikuwa mbele yao. "Hata siku moja. Mmeyatoa wapi haya?"

Aysel akagusa kibao chake cha kompyuta mkononi. Alikuwa msichana mwenye adabu na alionekana kutaka kusaidia. "Kutoka kwenye video zenu, mama. Kuna harusi. Wanawake wa familia wamepanga mstari, wanasalimia wazee. Wote wamepiga magoti."

"Harusi yangu," Wande alisema polepole.

Milembe akaikumbuka. Mstari wa shangazi na binamu, wote chini, na Mama katikati yao amesimama peke yake, ameshika pochi, anawaamkia wazee kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Fundi wa video alikuwa kijana wa upande wa bwana harusi. Aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima, akashusha kamera. Kwenye video ile kulibaki magoti ya wengine na pindo la gauni la Mama.

"Alimkata," Milembe alisema. "Yule fundi alimkata Mama kwa sababu amesimama."

"Palikuwa na pengo," Aysel alikubali. "Ukamilisho ukalijaza kwa kufuata waliokuwa kandokando yake."

"Basi msimamisheni."

"Hilo haliwezekani, mama. Wakati wa ibada safu nzima ni kitu kimoja. Mmoja akisimama, wageni watadhani ni hitilafu."

"Mama yetu alikuwa hitilafu maisha yake yote! Muulize mtu yeyote Misungwi!"

Kifaa cha sikioni kilitafsiri maneno hayo kwa utulivu mkubwa, na Aysel akainamisha kichwa kana kwamba ameambiwa jambo la heshima.

"Mlitoa ridhaa," alisema.

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilimuuma Milembe kuliko yote. Siku ya kumaliza matanga, binamu yao mmoja alikuja na watu wa kampuni ya kutengeneza filamu za kumbukumbu. Wakasimama mbele ya kikao cha ukoo na kueleza mambo marefu. Pilau ilikuwa imeshaiva, harufu yake imetanda uani, watoto wanalia njaa. Mjomba akauliza, "Ndugu zangu, tunaridhia?" na ukoo mzima, kama ukoo wowote unaosubiri chakula, ukaitikia, "Tunaridhiaaa!" Milembe aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Alidhani wanaridhia filamu, si hekalu.

"Tunaondoaje?"

"Ridhaa ilitolewa kwa sauti, huondolewa kwa sauti. Watoto wote wa marehemu waseme hapana, hapa, mbele yangu, kabla ya lango kufungwa leo. Kesho anaingia kwenye ibada ya kudumu. Mmoja wenu akinyamaza, atabaki." Aysel akasita. "Na mkisema hapana, mama yenu ataondolewa kote. Huyu anayewajibu hatarudishwa tena. Mtabaki na video zenu."

Watoto wa marehemu walikuwa wawili. Milembe akamgeukia mdogo wake.

Wande alikuwa akitazama chini.

*

Walikaa kwenye jiwe, miwani mapajani. Mbuzi alikuwa amerudi.

"Sisemi," Wande alisema. "Usiniangalie hivyo, dada. Sisemi hapana."

"Umemwona alivyo pale chini?"

"Nimemwona. Nimemwona pia anakuna sikio. Nimesikia anakuuliza umekula." Safari hii hakubembeleza. "Wewe ulimuuguza. Ulikuwa naye mpaka dakika ya mwisho, mkaagana. Mimi nilikuwa Shinyanga na keki ya ghorofa tatu kwenye gari. Mimi sijaagana na mtu. Leo nimempata, unataka nimfute kwa ajili ya magoti?"

"Wande, watu watakuja hapa kila siku kumtazama. Watu wasiomjua. Watamjua kama mwanamke anayepiga magoti."

"Wamjue wanavyotaka! Bora apige magoti kuliko asiwepo."

Milembe angeweza kusema kwamba yule si Mama. Lakini dakika chache zilizopita alikuwa amemwamkia na kuitikiwa, na moyo wake ulikuwa bado pale ukumbini, unataka kuulizwa tena kama amekula. Alimwonea mdogo wake huruma. Alijionea huruma na yeye. Na chini ya huruma hiyo hasira ilikuwa palepale, haijapungua hata kidogo.

"Bibi yetu alipiga magoti," alisema mwishowe. "Unakumbuka Mama alivyokuwa anasimulia?"

"Kila Krismasi. Nani asiyekumbuka?"

"Nenda kamwambie akusimulie."

Wande akamtazama kwa mashaka. "Ili iweje?"

"Umesema umempata Mama. Kakae naye basi. Nikimaliza kumtazama huyu mbuzi nitakuja. Ukirudi na bado hutaki, naapa sitasema neno tena, wala nyumbani sitasema."

Wande akavaa miwani yake, akaenda.

Milembe alitazama mbuzi kwa muda mfupi sana. Kisha naye akavaa, akamfuata. Kuacha mambo yaende yenyewe kulimshinda siku zote.

*

Mama alikuwa amesimama na masuke yake ya ngano, anasubiri ibada inayofuata. Wande alikuwa amesogea karibu naye kiasi cha kumgusa, na mkono wake ulikuwa umepita ndani ya joho jeupe bila kushika kitu.

"Mama, nisimulie ile ya bibi na changarawe."

Uso wa Mama ukachangamka. Hadithi ile waliirekodi mara nyingi, kila Krismasi, na mashine ilikuwa imeishika vizuri, na pumzi zake zote.

"Aa, wee nawe, hujachoka tu? Haya. Nilikuwa binti mdogo. Baba alimpiga mama yangu mpaka jicho likafumba. Wazee wakaja kusuluhisha. Wakakaa, wakanywa, wakasema, mwanamke apige magoti amwombe mumewe radhi, yaishe."

Ngoma ikalia. Safu nzima ikashuka, na Mama akashuka nayo, huku anaendelea kusimulia, mikono imenyooshwa kuelekea jiwe lenye macho ya dhahabu.

"Mama akapiga magoti pale uani, kwenye changarawe. Jicho limevimba hivi. Anaomba radhi kwa kupigwa! Mimi nimesimama mlangoni na ndoo yangu ya maji. Nikasema moyoni, goti la ukoo huu limeishia hapa." Paji lake la uso likagusa sakafu, likainuka. Alikuwa akitabasamu. "Sasa nimeolewa, nafika ukweni, wananiambia, wee bibi harusi, piga magoti usalimie wakubwa. Nikawaambia, shikamooni wazee wangu, nawaheshimu sana. Nitawapikia, nitawafulia, mkiugua nitawauguza. Lakini magoti sina. Wakasema, huna magoti unatembeaje? Nikawaambia, ya kutembelea ninayo, ya kupigia sina!"

Akacheka kile kicheko chake cha kujipiga paja. Paja lilikuwa limekunjwa chini yake. Akalipiga hivyo hivyo, na paji la uso likashuka tena kugusa sakafu.

Wande hakucheka. Kila Krismasi alicheka hapo.

"Mama," alisema, "sasa hivi umesimama, au umepiga magoti?"

"Nimesimama, mwanangu," Mama alijibu kutoka chini. "Mimi si huwa nasimama?"

Wande akaufunika mdomo kwa mkono. Milembe alimwona akitikisa kichwa, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, kama anavyotikisa mtu aliyeonjeshwa kitu kilichochacha. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu na uso wake ulikuwa wa Mama mtupu.

"Wamemfanya asijue," alisema. "Dada, hata hajui." Akapaza sauti, yeye aliyezoea kubembeleza. "Aysel! Njoo! Mimi Wande, mtoto wa Mbuke, nasema hapana. Umesikia? Hapana!"

Aysel alikuwa amefika. Akamgeukia Milembe na kungoja.

Sasa ilikuwa zamu yake. Mwalimu mzima aliyepigana na kampuni tangu asubuhi, aliyeahidi na kuapa, alisimama kinywa wazi. Mama alikuwa amegeuza shingo kutoka pale chini na kumtazama, macho yaleyale, huruma ileile.

"Mile," alisema. "Mbona umekonda? Umekula?"

Milembe alitaka kumwambia hapana, hajala, tangu mwaka juzi hajala chakula kikawa na ladha. Alijua akimwambia hivyo Mama ataanza kumuuliza anapika nini siku hizi, na watakaa hapo mpaka lango lifungwe, na kesho asubuhi Mama atapiga magoti mbele ya basi la kwanza.

"Nimekula, Mama," alisema. "Nimeshiba kabisa." Akaikaza shingo yake. "Aysel, mimi Milembe, mtoto wa kwanza wa Mbuke, nasema hapana."

Aysel akagusa kibao chake.

Mama alitoweka bila sauti. Katika safu ya pili, kulia kwa mwanamke mwenye mtungi, kukabaki nafasi tupu ya upana wa mtu mmoja, na katikati yake kwa mara ya kwanza sakafu ya marumaru haikuonekana. Yalionekana mawe yenyewe yaliyopasuka na nyasi kati yake.

Wande alilia kwa sauti. Milembe alimshika begani na hakumwambia anyamaze.

"Pengo litajazwa mara moja," Aysel alisema kwa upole, akidhani anawafariji. "Yuko mwingine anayesubiri. Bibi mmoja kutoka mbali. Tafadhalini sogeeni nyuma, mashine haiwezi kumweka mtu mahali penye mwili."

Milembe akamtazama. "Haiwezi?"

"Haiwezi, mama."

Akamshika Wande mkono, wakapita kati ya waumini waliopiga magoti, wakasimama ndani ya pengo lile, bega kwa bega, miguu yao juu ya nyasi. Mbele yao jiwe kubwa liliwatazama kwa macho yake ya dhahabu.

Ngoma ikalia. Wanawake wote wakashuka. Nje ya kamba, wageni wa basi jingine waliofika kwa ibada ya jioni walianza kunung'unika, na mzee mmoja akanyoosha kidole. Kifaa kilimtafsiri palepale: anauliza hao wawili waliosimama ni nani, mbona wanaharibu.

Aysel aliwatazama dada wale wawili, kisha lango, kisha tena wao.

"Mwambie ni hitilafu," Wande alisema huku akijifuta machozi. "Mwambie sisi ni hitilafu, na hatutoki."

Kwa pamoja wakawaamkia wanawake waliokuwa chini, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maegesho ya mabasi, "Shikamooni, mama zetu!" wakaendelea kusimama.